Mama Aliyeikodi Kisumu

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 4 Julai 1993

Mwalimu Teodora wangu,

Mimi mzima. Hata mafua ya mwezi wa saba yamenipita yakaenda kwa majirani. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ukuta wangu hapa Kirumba, ule wa pembeni ya duka la misumari, ambao watu wote sasa wanauita Kwa Shigela. Mtu akipotea mjini anaulizia Kwa Shigela.

Shirika langu la baiskeli linapanda. Zimefika tano. Usicheke, tano zinazotembea ni nyingi. Zote nimezipa majina ya bandari nilizofika nilipokuwa baharia: Kisumu, Musoma, Bukoba, Port Bell, na ile nyekundu yenye gia inaitwa Mombasa. Mteja anakuja anasema, "Nipe Musoma saa moja," nami namkabidhi Musoma. Nina wanafunzi, nina wauza samaki, nina watumishi wanaokwenda kutafuta viwanja Kiseke na Nyasaka, maana siku hizi kila kitu ruksa na kila mwenye suruali mbili anataka kujenga. Wiki jana Wazungu wawili walichukua Mombasa na Port Bell wakaenda mpaka Igombe kutazama ndege wa kwenye matete. Niliwachorea ramani chini kwa kijiti. Hakuna kichochoro, toka Igoma mpaka Igombe, ambacho mimi sijakipita kwa matairi mawili.

Sasa jambo lenyewe. Barua ya posa mshenga aliileta kwenu mwezi wa nne. Leo ni mwezi wa saba. Baba yako mdogo Antoni alimwambia mshenga kwamba mwenye neno ni mama yako, kwa kuwa baba hayupo duniani. Sawa. Lakini mama mwenyewe kimya. Mimi niliwahi kungoja mzigo Port Bell siku tisa bila sigara, ila ngoja hii imenishinda. Simjui hata sura. Na nikishakubaliwa ndiyo sitamjua kabisa, maana kwa mila ya ukwe, kwenu kama kwetu, tutaishi kwa kukwepana njiani mpaka mmoja wetu azikwe.

Mwambie huku nina nyumba ya bati. Mwambie nimeizunguka dunia na nimetulia. Mwambie lolote, lakini aseme neno.

Wako asiyeshindwa ila na hili,
Shigela Shimba


Nansio, Ukerewe
9 Julai 1993

Shigela,

Barua yako imefika kwa mkono wa karani wa meli, inanuka dagaa. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka majigambo, ikabaki mistari sita, na hiyo sita niliipenda.

Mama hajakataa. Kila nikimgusia ananijibu maneno yale yale: "Mji sijauona, mtu sijamsikia." Amesikia kwa watu kwamba wewe ni mtu wa mdomo. Nimemwambia ni kweli, ila mdomo si wewe wote. Sijui kama alinielewa.

Ujue pia kwamba baba mdogo Antoni amechoka kuulizwa na mshenga wenu. Amesema mwezi huu ukiisha bila jibu, barua ya posa itarudishwa kwenu, na barua ikisharudi hailetwi tena.

Jumatatu mama anakwenda Kagunguli kwa masista, mafungo ya siku tatu. Ameniambia atalisali jambo letu mpaka apate jibu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Siku hizo tatu kaa kimya. Usiandike, usitume mtu, usimchekeshe yeyote kwa jina letu. Mwache mama asali.

Teodora


Kirumba, Mwanza
15 Julai 1993

Teodora,

Siku tatu nimezikaa kama ulivyoagiza. Sikuandika, sikutuma mtu. Sala za mama yako zimepita njia nyeupe kabisa, na unishukuru kwa hilo.

Lakini huku nimepata kisa, na nisipokusimulia nitapasuka.

Jumanne saa tatu asubuhi nimekaa ukutani, Malimi fundi wangu anakaza spoki. Akaja mama mmoja, mtu wa kuamkiwa, ameshika kikapu cha machungwa. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Leo machungwa hatuchukui."

"Marahaba. Siuzi. Nataka baiskeli."

"Ya kumchukulia kijana wako?"

"Ya miguu yangu hii."

Malimi akaangusha spana. Nikamweleza mama kwamba zangu zote ni za kiume, zina bomba la kati. Akasema bomba analijua. Akatoa kikapuni vibanio vinne vya kuanikia nguo, akaibana sketi huku na huku, akaichukua Kisumu, akapanda. Akazunguka mbele ya duka mara moja, mgongo umenyooka kama yuko kanisani benchi la mbele. Wauza dagaa walisimama na masinia kichwani. Akarudi, akashuka, akasema, "Breki ya nyuma haishiki." Na kweli haishiki, Teodora. Malimi akaikaza bila kuinua uso.

Kwangu lazima uache dhamana, hata uwe askofu: saa, kiatu, kadi ya kliniki. Yeye akaacha machungwa. Nikamwuliza anatoka wapi, akasema Bunda. Anataka kwenda wapi? Akasema, "Nataka kuona watu wanavyoishi. Siyo Nyamagana kwenye mabenki. Huku pembeni, wanakolala."

Nikajua huyu anatafuta kiwanja. Na mimi kwa kuelekeza unanifahamu. Nikamwambia anza Bwiru, ulione ziwa kutoka juu, ushuke Pasiansi, upite Ilemela, halafu usirudi na barabara kubwa kama watu wa kawaida. Shika njia ya ndani ya Igombe, katikati ya majabali, nyororo, hata mama mjamzito anapita. Saa nane uwe umerudi. Akaondoka.

Saa nane hayupo. Saa tisa hayupo. Malimi akasema, "Hiyo Kisumu imeshafika Bunda." Nikamwambia funga mdomo, kula chungwa. Tulikuwa tumeshakula sita. Saa tisa na nusu nikapanda Mombasa nikamfuata.

Sasa hii ni siri, usiisomee darasa la nne. Ile njia ya ndani sijawahi kuipita. Wale Wazungu ndio walionisimulia, na nadhani sikuwaelewa Kiingereza chao. Si nyororo. Ni mawe matupu, mahali pengine unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Nilitoka jasho, na si la njia tu. Nilijiona nimemtuma mama wa watu porini kwa mdomo wangu.

Nikamkuta mbele kule, ziwa linapoonekana tena, amekaa juu ya jabali na kina mama wawili wanaoanika dagaa. Wanacheka. Pini ya pedeli imekatika, pedeli inaning'inia, na goti lake limechubuka. Akaniangalia akasema, "Hii ndiyo njia nyororo?"

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Njia hii nilikuwa siijui."

Halafu akasema, "Asante." Mpaka leo sijajua ile asante ilikuwa ya nini.

Kisumu tukaiacha kwa wale kina mama. Yeye nikamwambia apande keria ya Mombasa. Akakataa. Akakataa katakata, atatembea. Nikamwambia mama, ni maili nane hizi, na goti hilo, mimi sitoki hapa bila wewe, labda tulale na dagaa. Akasimama anaangalia ziwa kama mtu anayeomba ruhusa ya mtu mwingine. Mwisho akapanda. Mteremko wa kwanza akanishika kiunoni mikono miwili, na hakuachia mpaka Pasiansi.

Njiani nilimpa dunia nzima. Nikamsimulia nilivyoiendesha meli kwenye dhoruba, nahodha anaumwa. Nikamwambia nina baiskeli arobaini, hizi tano ni za kuonyesha. Akauliza kama nina mke. Nikasema nimeposa mwalimu Ukerewe, mwandiko wake kama umechapwa, ila kuna mama mmoja ameikalia barua yangu kama kuku anayeatamia, miezi mitatu, sijui anataka vifaranga wangapi. Alicheka mpaka keria ikayumba. Nikamwigizia na sauti: "Mji sijauona, mtu sijamsikia." Akafuta machozi kwa mgongo wa shati langu.

Tulipokuwa tunashuka Ilemela akauliza, "Na ukikutana na huyo mama, utamwambia nini?" Nikamjibu kitu cha kawaida tu, sikikumbuki vizuri.

Tulipofika alichungulia kikapu, akasema panya wa Kirumba wakubwa, akatuachia na yaliyobaki. Malipo nilikataa. Teodora, mama kama yule angekuwa mkwe wangu, ningepeleka ng'ombe bila kudaiwa. Mwambie mama yako afanane naye kidogo.

Wako,
Shigela


Nansio, Ukerewe
19 Julai 1993

Shigela,

Kaa chini kwanza. Kama kuna mteja, mwambie angoje.

Katika kisiwa hiki, na nadhani katika ziwa zima, kuna mwanamke mmoja tu anayebana sketi kwa vibanio vya kuanikia nguo ili apande baiskeli ya kiume. Alifundishwa na masista wa Kagunguli akiwa msichana wa kupeleka dawa vijijini. Jumatano jioni alirudi nyumbani Bukindo na goti limefungwa kitambaa. Nikamwuliza. Akasema mafungo ya safari hii yalikuwa ya kupiga magoti sana.

Huyo ni mama yangu. Machungwa mliyokula wewe na Malimi yametoka shambani kwetu Bukindo.

Unajua mila kama ninavyozijua, lakini nikukumbushe. Mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Wewe umempakia kwenye keria akiwa amekushika kiuno, umemwigizia sauti yake, na umemwita kuku.

Barua yako niliisomea nyuma ya darasa, wanafunzi wakadhani nimefiwa.

Na si mimi tu ninayejua. Mtu wa Nansio aliwaona Pasiansi. Habari imefika kwa baba mdogo Antoni kabla barua yako haijafika kwangu: Bernadeta ameonekana Mwanza juu ya baiskeli, amemkumbatia yule kijana wa posa. Kisimani wanawake wananyamaza mama akifika. Baba mdogo amesema ukoo utakaa Jumapili tarehe mosi Agosti, na siku hiyo ndiyo barua yenu itajibiwa au itarudishwa.

Sijui kama mama alijua wewe ni nani. Siwezi kumwuliza, na yeye hanitazami usoni.

Fanya unaloweza, lakini safari hii bila utani. Nakuomba.

Teodora


Kirumba, Mwanza
22 Julai 1993

Kwa Baba Antoni, Bukindo.

Shikamoo baba.

Barua hii ni yako. Lakini nakuomba uisome kwa sauti, dirisha likiwa wazi, wakati mtu nisiyeweza kumtaja yuko hapo nje na kazi zake. Nikimwandikia yeye mwenyewe nitakuwa nimeweka kosa juu ya kosa.

Baba, sikujua. Naapa sikujua. Hata hivyo kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Njia nilielekeza mimi na nilikuwa siijui. Pedeli iliyokatika ni yangu, keria ni yangu, na mdomo ni wangu. Yeye alikataa kupanda. Nilimlazimisha mimi, kwa ajili ya goti. Ukoo ukikaa na kutafuta mtu wa kumsema, nisemeni mimi, nimezoea kusemwa.

Sasa yale niliyomwambia njiani nayanyoosha, ili asibaki na uongo wangu kichwani. Baiskeli ni tano, si arobaini, na Musoma haina tairi la mbele tangu mwezi wa tano. Meli sikuendesha. Nilikuwa jikoni namenya viazi, na siku ya dhoruba nilijifungia na ndoo. Mombasa sijafika. Nyumba ya bati ni vyumba viwili vya kupanga, na bati ni la mwenye nyumba. Huwa nasema kazini niliondoka kwa hiari yangu nikafungue biashara. Si kweli. Walipotupunguza, jina langu lilikuwa la pili kutoka juu kwenye ubao, na nilikaa chini ya ubao ule mpaka mlinzi akaniamsha niende nyumbani. Habari ya kuku nairudisha yote. Hakuna kuku.

Kuna moja tu silirudishi. Niliulizwa swali tukishuka Ilemela, nikajibu. Hilo lilikuwa kweli, na hata Teodora sijamwambia.

Mkiona posa hii haifai, nitapokea barua yangu kwa mikono miwili na sitamwambia mtu kwamba nilionewa. Ila msimwache mama wa watu abebe jina baya kisiwani kwa ajili ya baiskeli yangu. Hilo naliomba kabla sijaomba mke.

Mimi,
Shigela Shimba


Nansio, Ukerewe
28 Julai 1993

Shigela,

Baba mdogo ameisoma jana, dirisha wazi, kwa sauti ya kusomea risala. Mama alikuwa nje anamenya mihogo. Hakuinua kichwa. Baba mdogo alipofika kwenye habari ya ndoo, kisu cha mama kilisimama kidogo, kikaendelea. Alipofika kwenye habari ya ubao, mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka mihogo ikakauka.

Baba mdogo aliikunja barua akaiweka mfukoni. Akaniambia tu, "Huyu kijana ana kazi ya kujifunza kuandika kwa kifupi." Sijui ni jema au baya.

Imebaki siku nne. Na wewe ulijibu nini pale Ilemela?

Teodora


Bukindo, Ukerewe
2 Agosti 1993

Bwana Shigela,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako na haitakuwa na ya pili. Jana ukoo ulipomaliza kukaa, nilimwomba shemeji yangu Antoni siku moja ya kuandika, akanipa mpaka leo jua likizama. Kesho mshenga wenu atapewa jibu, na jibu ni ndiyo. Baada ya hapo mimi na wewe hatutasemeshana tena. Kwa hiyo soma pole pole.

Nilijua wewe ni nani. Nilijua kabla sijapanda meli. Masista sikuwadanganya, kwa maana hawakuwa wakiningoja kwenye mafungo. Niliyemdanganya ni mwanangu, na wewe kwa lile neno la Bunda, na yote mawili nimeshayaungama.

Mama yangu mzazi alikaa kijiji kimoja na mume wangu miaka ishirini na sita. Alimjua kwa visigino. Kila walipokutana mume wangu aliingia majanini akageuka, mama akapita akiviona visigino. Alipokuwa anakufa aliniuliza, "Huyo mumeo huwa anacheka?" Nikamwambia anacheka sana. Akasema angependa kusikia. Desturi hii imetunza nyumba nyingi na mimi nitaishika kama alivyoishika yeye. Lakini siku ile nilijiwekea ahadi kwamba binti yangu akiposwa, kabla sijasema ndiyo, nitamsikia huyo mtu kutwa nzima. Barua yako sikuikalia kwa ugumu. Nilikuwa nangoja machungwa yaive, kwa sababu mwanamke akiwa na kikapu hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Na mji niliutaka kwa miguu yangu. Juu ya gari ningeona maduka. Bwiru niliwaona wasichana wa shule wanaanika sare juu ya majabali, wanagombea jiwe lenye jua. Pasiansi nilimkuta mama anajijengea mwenyewe, tofali moja baada ya jingine. Aliniambia mumewe amepunguzwa kazini lakini nyumba haikupunguzwa. Aliniachia nimshikie kamba ya kunyooshea ukuta, tukapanga mistari miwili pamoja, ndiyo maana nilichelewa. Wale wa dagaa walinipa maji kabla hawajaniuliza jina. Nikaona kwamba binti yangu akija huko hatakuwa peke yake.

Keria sikuipanga. Pale uliponiona nimesimama naangalia ziwa, nilikuwa namwomba mama yangu anisamehe. Jana wazee waliponiuliza nilisema kwamba siku ile hukuwa mkwe, ulikuwa mwenye baiskeli. Antoni akasema hata hivyo aibu ya keria inataka mbuzi, na mbuzi atoke upande wenu. Nikasema mbuzi nitamtoa mimi, kwa kuwa safari niliipanga mimi. Hawajawahi kusikia mama mkwe anatoa mbuzi. Wakabishana mpaka wakacheka, na walipocheka yakaisha. Leo kisimani wamenisalimia wote.

Sasa lile la Ilemela. Naliandika kwa sababu najua hutalisema, na Teodora ataisoma barua hii kabla sijaifunga. Nilikuuliza utamwambia nini huyo mama. Ulituvusha kijito kwanza. Halafu ukasema, "Nitamwambia nimeishia darasa la tano. Barua za binti yake nazisoma kwa kidole. Nikikuta neno nisilolijua simpelekei mtu, kwa sababu barua ni yangu. Nakaa nalo hata siku mbili mpaka lifunguke. Na sijaliacha hata moja."

Unamsimulia kila mtu meli ambayo hukuiendesha, na hilo ukalificha. Mimi nililichukua hilo nikarudi nalo nyumbani.

Nakushukuru kwa kunifuata kwenye yale mawe. Nakushukuru kwa kusema mbele ya watu kwamba njia hukuijua. Na nakushukuru kwa yule kuku. Tangu nimzike mume wangu nilikuwa sijacheka nikajisikia mwenyewe.

Mtunze.

Bernadeta


Kirumba, Mwanza
20 Septemba 1993

Teodora,

Nimefika salama kutoka kwa wazee wenu Bukindo, na mbuzi wa mama yako amefika salama, isipokuwa amekula kofia ya karani wa meli. Malimi anampa heshima zote.

Barua ya mama ninayo. Nimeisoma kwa kidole, na kwa kuwa sasa unajua, sina haja ya kujificha. Ilinichukua siku nne, na si kwa ajili ya maneno magumu. Hakukuwa na neno gumu hata moja.

Mbele ya wazee sikuweza kukusemesha, kwa hiyo nakuandikia jambo moja ambalo hukuliona. Jumamosi asubuhi, nikitoka Bukindo kuja bandarini, natembea peke yangu na mbuzi kwenye kamba, nikamwona mama yako kwa mbali anakuja juu ya baiskeli yake. Nikaingia kwenye mihogo kama inavyotakiwa, nikageuka, nikatazama upande wa ziwa. Visigino nilikuwa nimevipaka mafuta tangu alfajiri, kwa tahadhari.

Teodora, nilikuwa na asante arobaini mdomoni, na hizo ni arobaini za kweli. Zilinijaa mpaka masikioni. Sikutoa hata moja. Mbuzi mwenyewe alinishangaa.

Nikasikia matairi yanakuja taratibu juu ya changarawe. Hayakusimama. Yaliponifikia, akapiga kengele. Mara moja tu.

Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mtoto, hapakuwa na mtu wa kupisha ila mimi, na mimi nilikuwa nimeshapisha.

Wako,
Shigela